Cheti Pekee Hakitoshi

(Mada ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya kamati za diakonia za sharika)



Nimeombwa nizungumze juu ya kuwaandaa watu wazima wenye usonji na wenye ulemavu wa akili kwa kazi za viwandani. Naomba nianze kwa kukiri kosa.

Kwa miaka mingi Kanisa limewahudumia watu hawa wakiwa watoto. Shule ya Irente Rainbow, kule Lushoto, ilianza mwaka 2005. Mtoto aliyeingia darasani mwaka ule leo ni mtu mzima. Anahitaji kazi na mshahara wake, si kipande cha sabuni siku ya Pasaka.

Kwa kuliona hilo, tuliwapeleka vijana wachache kujifunza ushonaji. Mmoja mwenye usonji alitushangaza. Mshono uliopinda kidogo tu, ambao hata fundi wake hakuuona, yeye aliuona. Alipata cheti, tukapiga picha, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba mradi umefanikiwa. Akaajiriwa kiwandani. Siku ya tisa akarudishwa nyumbani.

Asubuhi ile msimamizi alimhamishia meza nyingine, karibu na jenereta, bila kumweleza sababu. Akaambiwa, "Changamka kama wenzako!" Akaziba masikio, akaketi sakafuni. Wakasema ni mgonjwa.

Mama yake hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mratibu, mwanangu alifundishwa kazi. Je, kule kazini nani alifundishwa habari za mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, kijana yule hakushindwa kazi. Sisi tulimwacha mlangoni. Tangu hapo tumebadili utaratibu.

Kwanza, tunatembelea kiwanda mapema, kuangalia kelele, mwanga, mashine na hatari zake. Mmoja atafaa kukagua, mwingine kukata, mwingine kufungasha. Kijana mwenyewe naye anaulizwa anapenda nini.

Pili, kazi hugawanywa katika hatua fupi zenye picha ukutani. Maagizo hutoka kwa msimamizi mmoja, na badiliko lolote huelezwa siku moja kabla. Anayesumbuliwa na kelele hupewa vizibo vya masikio. Hayo hayahitaji fedha nyingi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kijana huenda na msindikizaji. Wiki za kwanza hukaa naye kutwa, kisha hupunguza siku kidogo kidogo hadi kijana na wenzake wazoeane. Msindikizaji hamfanyii kazi. Humwonyesha, na huwaeleza wenzake namna ya kusema naye.

Wala tusiende kwa waajiri kama ombaomba. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Na kazi ikiwa ile ile, malipo yawe yale yale.

Ninyi wa kamati, nawaomba mpite nyumba kwa nyumba, maana wako vijana waliofichwa vyumbani. Kisha kila usharika utafute mtu mmoja mvumilivu wa kuwa msindikizaji.

Nanyi wafadhili, cherehani hupendeza kwenye picha. Nauli ya msindikizaji haina picha, lakini bila hiyo cherehani hubaki imefunikwa kitambaa. Msituulize tena tumetoa vyeti vingapi. Tuulizeni wangapi bado wako kazini baada ya mwaka mmoja.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili una viungo vingi na hakuna kisichohitajika. Tumelihubiri neno hilo mara nyingi. Sasa tulifanyie kazi.

Kijana yule bado yuko nyumbani. Kiwanda kingine kimekubali kumpokea, na mama yake amekubali ajaribu tena, kwa sharti kwamba asiende peke yake. Msindikizaji amepatikana. Nauli yake ya miezi sita bado.