Tundu la Uchunguzi Lisilo na Moto: Tuanzie Wapi kwenye Pikapu ya Zamani?



Mashine ya kupimia ikichomekwa na kioo chake kikabaki cheusi, hukumu inayotoka haraka gereji ni kwamba kontroli boksi imekufa. Leo nimekuja kuitetea kontroli boksi. Moto unaoiwasha mashine haupitii humo. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unafika pini ya 16 ya tundu la uchunguzi. Kontroli boksi ikifa, mashine itawaka ila haitapata wa kuzungumza naye. Hayo ni maradhi mengine.

Nazungumzia tundu la pini 16, lile ambalo Marekani ililazimisha kwa magari madogo na pikapu kuanzia matoleo ya 1996. Hilux kadhaa za miaka ya 1990 hazinalo. Zina kiboksi chini ya boneti, unaunganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa.

Litazame tundu upande mpana ukiwa juu. Safu ya juu ni pini ya 1 hadi ya 8, kutoka kushoto. Ya 4 ni ethi ya bodi, ya 5 ni ethi ya mawasiliano, na ya 16 iko mwisho kabisa kulia chini. Pini ya 16 huwa na moto hata ufunguo ukiwa mfukoni. Ikikosa moto, nenda kwenye fyuzi. Toyota nyingi huiandika OBD. Kwenye pikapu nyingi za Ford na Chevrolet za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, fyuzi hiyo ndiyo ya kiberiti cha sigara. Sarafu ikidondokea kwenye kiberiti, au chaji ya simu ya bei chee ikipiga shoti, tundu la uchunguzi nalo linazimika. Kwa hiyo muulize dereva kama simu bado inachaji. Na fyuzi mpya ikiungua papo hapo, tafuta shoti. Tusiizungushie fyuzi karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara, tumeshaona dashibodi zikiteketea kwa mchezo huo.

Mita nayo hudanganya. Niliwahi kuletewa Hilux iliyopitia gereji mbili. Mita ilisoma volti 12.4 kwenye pini ya 16, lakini mashine haikuwaka. Nikaweka balbu ya wati 21, ile ya breki, kati ya pini ya 16 na ya 4: haikuonyesha hata wekundu. Nikahamishia mguu wa ethi kwenye chuma safi cha bodi, hali ileile. Basi kosa lilikuwa upande wa moto. Nilipofungua chini ya dashibodi nilikuta aliyefunga kifaa cha kufuatilia gari alikata waya wa moto, akausokota na kuufunga selotepu. Ndani umeota kutu ya kijani, umebaki uzi mmoja. Uzi mmoja ulioliwa na kutu unaitosha mita, ambayo hunywa umeme kidogo mno; balbu hunywa mwingi. Kazi ya kuunga upya haikumaliza nusu saa, na mwenye gari alikuwa ameshalipia kontroli boksi ya mtumba.

Baada ya chai tutashuka uani kwenye pikapu iliyoandaliwa. Mita ziacheni mezani, kila mmoja aje na balbu na waya mbili.