Dawa ya Mgonjwa Isipite Mikono Mingi

Mazungumzo ya muuguzi na watu wanaouguza wazee na wagonjwa wa muda mrefu majumbani



Leo sitazungumza juu ya ugonjwa mmoja. Nitazungumza juu ya watu wanaouguzwa nyumbani: mzee mwenye shinikizo la damu, mama mwenye kisukari, kijana mwenye kifafa, mtu aliyepooza upande mmoja. Hawa hawalazwi. Wanakaa nasi, na dawa zao tunazitunza sisi. Nyumba yenye mtu kama huyo ni wodi ndogo, na ninyi ndio wauguzi wake.

Zahanati inaweza kutoa dawa inayofaa kabisa, na bado mgonjwa akaumia. Mara nyingi hatari huanza pale dawa inapotoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine bila habari kamili.

Tuchukue mfano. Bibi mmoja ana kisukari. Kila asubuhi anakunywa kidonge kimoja cha glibenklamaidi, kisha anakula. Mke wa mwanawe anampa kidonge alfajiri, anamwachia uji, anakwenda kwenye mgao. Saa tatu mjukuu anauliza, "Bibi, umekunywa dawa?" Bibi amesahau, anasema bado. Mjukuu anampa kidonge kingine. Mchana jirani anamkuta bibi anatokwa jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Mmoja anasema ni malaria, mwingine anasema ni uzee, mwingine anasema amerogwa. Kumbe sukari imeshuka mno katika damu. Asiposaidiwa upesi anaweza kupoteza fahamu, hata kufa.

Katika nyumba hiyo hakuna aliyemchukia bibi. Kilichokosekana ni utaratibu.

Msidhani haya ni mambo ya kambini tu. Huko Uingereza wazee wengi hulelewa katika nyumba maalumu zenye wafanyakazi wanaolipwa. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nyumba 55 za namna hiyo, ukawahusu wazee 256. Kwa wastani kila mzee alikuwa akitumia dawa 8. Wazee 178 kati yao, yaani karibu 7 katika kila 10, walionekana kuwa na kosa moja au zaidi katika dawa zao: kuandikiwa vibaya, kupewa vibaya, au kutofuatiliwa. Makosa mengi hayakuwa ya kuua, lakini yalikuwepo. Na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kazi nyingi, kukatizwa wakati wa kugawa dawa, kumbukumbu zisizo sahihi, na kupeana habari kwa mdomo tu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa nchi zote wa kupunguza madhara yanayotokana na makosa ya dawa. Basi tukijirekebisha hapa, tunafanya kazi ile ile inayofanywa duniani kote.

Nawaomba mshike mambo matatu: mkono mmoja, karatasi moja, sanduku moja.

MKONO MMOJA

Kila mgonjwa awe na mtu mmoja wa dawa. Watu wote wa nyumba wamjue. Wengine wanaweza kupika, kuogesha na kugeuza mgonjwa kitandani, lakini dawa inatoka kwa huyo mmoja. Akisafiri au akiugua, amkabidhi mwingine mbele ya mgonjwa, na amwonyeshe dawa moja moja: hii ni ya nini, inatumiwa lini, ya leo imekwisha kutolewa au bado.

Mtu wa dawa ampe mgonjwa dawa mkononi na amwone akimeza. Asiiache kando ya mkeka aseme, "Utakunywa baadaye." Mtoto anaweza kuiokota.

KARATASI MOJA

Kichwa cha binadamu kinasahau. Chukueni karatasi ya daftari, mchore mistari. Upande mmoja andikeni siku, upande mwingine asubuhi, mchana, jioni na usiku. Dawa ikimezwa, piga alama hapo hapo. Kama mjukuu wa yule bibi angeona alama ya asubuhi, asingetoa kidonge cha pili.

Ambaye hakusoma asiogope. Achore jua linalochomoza kwa asubuhi, jua la utosini kwa mchana, na mwezi kwa usiku. Alama ya mkaa inatosha.

Sasa sikilizeni hili, maana linatuhusu sisi watu wa nchi mbalimbali. Katika zahanati za Tanzania, kwenye pakiti huandikwa 1x3. Maana yake ni kidonge 1, mara 3 kwa siku. Lakini wengi wenu mliotibiwa Kongo au Burundi mmezoea maandishi ya Kifaransa, ambayo huanza na idadi ya nyakati: 3x1, yaani mara 3, kila mara kidonge 1. Mtu akisoma maandishi ya huku kwa desturi ya kule, 2x3 inaweza kuwa vidonge vitatu mara mbili badala ya vidonge viwili mara tatu. Na 3x1 ya kule, ikisomwa kwa desturi ya huku, inakuwa vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja.

Saa nazo ni hivyo hivyo. Karatasi ikiandikwa 8.00, ni saa mbili kwa hesabu ya Kiswahili, siyo saa nane.

Kwa hiyo msiondoke dirisha la dawa mpaka mmesema kwa maneno yenu: "Nitampa kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Ndivyo?" Kuuliza si ujinga wala si utovu wa adabu. Mtoa dawa mzuri hufurahi kuulizwa.

SANDUKU MOJA

Dawa za mgonjwa zikae pamoja, katika sanduku au ndoo ndogo yenye kifuniko, mahali ambapo mtoto hafiki. Zisichanganywe na za mtu mwingine. Ziachwe katika pakiti zake zenye jina. Vidonge vyeupe vingi hufanana. Vikimwagwa katika mfuko mmoja wa nailoni, hata daktari hawezi kuvitambua kwa macho.

Angalieni pia dawa moja yenye majina mengi. Panadol, Efferalgan na Doliprane zote ni parasetamoli. Bibi akipewa Panadol na binti yake, kisha Efferalgan na jirani, amepewa dawa ile ile mara mbili. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24, na mzee aliyekonda anahitaji pungufu ya hapo. Ikizidi, parasetamoli huharibu ini, na siku ya kwanza mtu anaweza kuonekana mzima.

Chini ya turubai jua la mchana ni kali. Wekeni sanduku upande wenye kivuli, mbali na jiko. Wanaotumia insulini huuliza watafanyaje bila friji. Mwaka 2021 Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walifuata hali ya joto ya nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, joto la kati ya nyuzi 25 na 37. Waligundua kwamba chupa ya insulini ilibaki na nguvu kwa wiki 4. Chungu kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga unaomwagiwa maji, husaidia kuiweka katika ubaridi. Lakini insulini isipigwe na jua wala isigande kwa barafu. Andikeni tarehe mliyofungua chupa, na zikitimia wiki 4 msiendelee nayo.

CHAKULA KIKIKOSEKANA

Hili ni zito kwetu, kwa sababu mgao unaweza kuchelewa au kupungua. Glibenklamaidi hushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Kama hakuna chakula cha kula, kidonge hicho kisimezwe. Kingojee chakula, na zahanati iambiwe. Kwa anayechoma insulini, msiikate wenyewe wala msichome kipimo kile kile kwa mazoea. Nendeni zahanati siku hiyo hiyo mkaulize.

Mgonjwa wa kisukari akitoka jasho la ghafla, akitetemeka au akichanganyikiwa, na kama anaweza kumeza, mpeni maji yenye vijiko vidogo 4 vya sukari. Baada ya robo saa, kama hajapata nafuu, rudieni. Akipata nafuu ale chakula, kisha apelekwe zahanati hata kama anasema amepona, kwa sababu sukari yaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Akiwa amezimia msimtie kitu kinywani, atakabwa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni kwenye matibabu.

Dawa za shinikizo na za kifafa ni kinyume chake: zinatumiwa kila siku hata mtu akijisikia mzima. Kuacha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Msingoje kidonge cha mwisho ndipo mkafuate nyingine. Na dozi moja ikisahauliwa, msimpe mbili kwa pamoja ili kufidia.

VIFAA

Bomba la sindano ni la mtu mmoja. Sindano ya kuchomea, na hata ile ndogo ya kutobolea kidole ili kupima sukari, isiazimwe, kwani damu kidogo isiyoonekana inatosha kupeleka homa ya ini au virusi vya UKIMWI kwa mwingine. Insulini ipimwe kwa bomba lake lenye alama za yuniti, siyo bomba la kawaida. Sindano iliyotumika iwekwe katika chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko, ikikaribia kujaa irudishwe zahanati. Isitupwe shimoni ambako watoto hucheza.

Mwenye mpira wa mkojo: mfuko ukae chini kuliko kibofu, lakini usiguse sakafu. Oshani mikono kwa sabuni kabla ya kuushika na baada ya kuushika. Mkojo ukikoma kutoka, au homa ikipanda, nendeni zahanati. Msiuvute mpira wenyewe.

Dawa ya maji ipimwe kwa kijiko au kikombe kilichokuja nayo. Vijiko vya jikoni havilingani.

KOSA LIKITOKEA

Ndugu zangu, kosa litatokea siku moja hata katika nyumba yenye utaratibu. Lisifichwe. Anayeficha kwa aibu anamnyima mgonjwa saa zile ambazo angeweza kusaidiwa. Njooni na pakiti, njooni na karatasi, semeni: "Amepewa mbili." Na ninyi watu wa nyumba, msimpige mtoto wala msimtukane mkwe aliyesema ukweli. Mkimwadhibu leo, kesho atanyamaza.

Dawa zilizobaki baada ya mtu kupona au kufariki msimpe jirani, msiziuze sokoni. Zirudisheni.

Kabla ya jua kutua leo, kila nyumba yenye mgonjwa ikae chini. Mchague mkono mmoja, mchore karatasi, mtafute sanduku. Siku ya kliniki leteni sanduku lote, pamoja na miti shamba mnayotumia, ili tuone kama vinapatana. Hatutamgombeza mtu.

Mwenye swali anyooshe mkono.