Barabara Bila Magari Mjini Kigali

Jumapili mbili katika kila mwezi, wakazi wa Kigali, mji mkuu wa jirani zetu wa Rwanda, hushuhudia jambo ambalo ni nadra katika miji mikuu ya Afrika. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4, barabara kadhaa kubwa hufungwa, magari na pikipiki hukaa kando, na lami huachiwa waendao kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Utaratibu huo ulianzishwa na uongozi wa jiji mwezi Mei 2016, na hapo mwanzo ulikuwa wa mara moja tu kwa mwezi. Rais Paul Kagame mwenyewe amepata kuonekana miongoni mwa wananchi hao.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maonyesho ya watu wenye nafasi. La hasha. Asubuhi hizo wahudumu wa afya huwapima watu bure shinikizo la damu na sukari mwilini. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika walikuwa na ugonjwa huo, na zaidi ya nusu yao walikuwa hawajui. Basi mtu aliyetoka nyumbani kunyoosha viungo huweza kurudi akiwa ameujua ugonjwa kabla haujamla macho, figo na miguu.

Na akisha kujua? Hapo ndipo penye uzito. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu, hata pale ambapo insulini imepungua nguvu. Nafuu hiyo huendelea kwa saa nyingi baada ya mtu kupumzika. Lakini baada ya siku moja au mbili hufifia. Ndiyo maana madaktari humshauri mgonjwa mtu mzima atembee kwa haraka au afanye kazi ya namna hiyo kwa dakika 150 kwa juma, wala asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kwa hesabu hiyo, Jumapili mbili kwa mwezi hazitoshi hata kidogo. Mkulima anayepanda na kushuka vilima vya Rwanda na jembe begani hana haja ya kufungiwa barabara. Mwenye haja ni karani, dereva na mshona nguo, ambao hukaa kitako tangu asubuhi hadi jioni.

Tena mazoezi yenyewe yana masharti yake. Anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vinavyolihimiza kongosho kuitoa, aweza kushukiwa na sukari njiani: akatetemeka, akatokwa na jasho, akachanganyikiwa, na wapita njia wakadhani amelewa. Mtu huyo yampasa kuwa na sukari au peremende mfukoni, na mwenzake anayejua hali yake. Mwenye ganzi miguuni asitembee pekupeku, naye avikung'ute viatu vyake kabla ya kuvivaa na kuzikagua nyayo arudipo, kwa maana kijiwe asichokihisi chaweza kuwa mwanzo wa kidonda cha kukatwa mguu. Na yule ambaye sukari imepanda mno huku anatapika, mahali pake siku hiyo ni hospitali, si barabarani.

Kigali imethibitisha kwamba serikali ya mji ikiamua, gari huweza kumpisha mwananchi. Lakini mgonjwa aliyepimwa Jumapili anahitaji, Jumatatu jioni, njia ya miguu isiyovamiwa na pikipiki, taa ya kumwonyesha shimo lilipo, na vijiti vya kupimia sukari kwa bei ambayo mshahara wake unaimudu. Hayo hayahitaji kufungwa kwa barabara hata moja, na miji mingine ya Afrika Mashariki ambayo bado haina Jumapili ya namna hiyo inaweza kuanzia hapo.