Kidonge Mseto na Mgonjwa wa Kisukari



Dawa mseto si neno geni kwetu. Malaria tunaitibu kwa mseto, na wengi wanaoishi na VVU humeza kidonge kimoja chenye dawa tatu. Kwa kisukari aina ya pili pia vipo vidonge mseto, kwa mfano metformini ikiunganishwa na glimepiride. Metformini hupunguza sukari inayotolewa na ini. Glimepiride huisukuma kongosho kutoa insulini zaidi.

Faida ya kidonge mseto ni kwamba idadi ya vidonge hupungua, na kusahau hupungua pia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu hufuata matibabu ipasavyo.

Ukiandikiwa mseto, usiuchanganye na vidonge vya zamani bila kumuuliza mtaalamu. Meza pamoja na chakula. Ukitetemeka, ukitoka jasho au kuona kizunguzungu, sukari huenda imeshuka: kunywa maji ya sukari haraka, kisha nenda kituo cha afya.

Msikilizaji wa Mbulu na Hanang unayetoka mbali kwenda kliniki Haydom au Katesh, rudi kliniki kabla dawa haijaisha. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Ukiiacha, sukari itapanda tena.