Kipaza Sauti na Foleni ya Benki



Jioni ya tarehe 13 Septemba 2007, BBC ya Uingereza ilitangaza kwamba benki iitwayo Northern Rock imeomba msaada wa dharura kwa Benki Kuu ya nchi hiyo. Habari ilikuwa ya kweli. Kesho yake watu walijipanga milangoni mwa benki kudai akiba zao. Kamera zikaionyesha foleni, na walioiona wakaenda kuirefusha. Hofu ilipoa tu baada ya serikali kuahidi, tarehe 17, kuzilinda akiba zote zilizokuwamo.

Wako waliomlaumu mwandishi Robert Peston, aliyeitoa habari hiyo. Mwaka 2009 wabunge walimhoji. Sisi hatuwezi kuungana na lawama hizo. Amri ya nane yatukataza kusema uongo. Haituagizi kumficha mwenye mali hali ya mali yake. Wala waliosimama foleni hawakuwa wajinga. Kwa kanuni za wakati ule, mwenye akiba alilindiwa paundi 2,000 za kwanza kwa ukamilifu, na asilimia 90 tu ya paundi 33,000 zilizofuata. Zaidi ya hapo, hakuna. Nani kati yetu angelala usingizi?

Mtume Yakobo aliufananisha ulimi na moto mdogo uteketezao msitu mkubwa. Vema, lakini msitu huu ulikuwa umekwisha kukauka. Benki ile ilitoa mikopo ya nyumba kwa fedha ambazo sehemu kubwa haikutoka kwa weka-akiba, bali ilikopwa katika masoko ya fedha. Mwezi Agosti masoko yakafunga mkono. Utegemezi huo haukuwa siri. Ulionekana katika hesabu za benki yenyewe. Ila hesabu hazina picha, na foleni inayo. Ndiyo sababu habari za fedha hutufikia kwa kuchelewa, nazo zikifika hutanguliza mshtuko, maelezo yakaja nyuma yakichechemea.

Sisi tuliokabidhiwa kipaza sauti tuna deni hapa. Mjane mwenye paundi 1,500 katika benki ile alikuwa salama kwa kanuni zile zile, hata kabla ya ahadi ya serikali. Alistahili kuambiwa hivyo usiku ule ule, katika pumzi ile ile ya habari, kabla hajalitafuta koti lake.