Programu Nzuri Huanza na Maswali Mazuri

Hotuba ya afisa wa teknolojia ya habari kwa wakazi wa Wadi ya Kimulot, Kaunti Ndogo ya Konoin

 

Huduma nyingi za serikali sasa zinapitia kwenye simu na kompyuta. Kabla programu haijaundwa, watumiaji wake wanapaswa kuulizwa maswali. Programu ikiundwa vibaya, anayerudi nyumbani bila huduma ni mwananchi. Ndiyo maana namna ya kuuliza inawahusu ninyi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mazungumzo huru: afisa anaketi nawe, anakuuliza kazi yako unaifanyaje, kisha anakusikiliza. Ya pili ni mahojiano ya mpangilio: kila mtu anaulizwa maswali yale yale, na majibu yanahesabiwa.

Tuchukue mfano wa kituo cha majani chai. Fomu inauliza, "Je, mwenye shamba ana simu?" Wengi watajibu ndiyo, na mwenye kuunda programu ataamini kwamba ujumbe wa kilo utamfikia anayehusika. Lakini akiketi na mama aliyeleta majani, huenda akaambiwa kwamba nambari ya mkulima imeandikishwa kwa jina la mzee, na simu iko na mzee sokoni. Aliyeandika fomu hakujua kwamba hilo ni jambo la kuulizwa.

M-PESA pia ilijifunza hivyo. Majaribio ya Oktoba 2005 yaliwalenga wateja wa Faulu, ili walipe mikopo yao midogo kwa simu. Wateja hao wakaanza kuitumia kwa mambo yao mengine, yakiwemo kutumiana pesa. Wasimamizi waliwasikiliza, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, wito wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani.

Hata hivyo, mazungumzo huru yana udhaifu wake. Mwenye sauti kubwa ndiye husikika zaidi. Ukiongea na watu kumi wa karibu na barabara, huwezi kudai umeisikia Kimulot yote. Tukitaka kujua ni wangapi wanatumia kabambe, au ni wangapi wangependa ujumbe kwa Kipsigis, lazima tuulize kila kijiji swali lile lile.

Kwa hivyo tuanze na mazungumzo, tumalizie na mpangilio. Tuzungumze kwanza na watu wachache wa hali tofauti: mchumaji, mwenye shamba, karani wa mizani, mtu anayeishi na ulemavu. Yale watakayotueleza ndiyo yatupatie maswali ya fomu. Kisha programu ijaribiwe nao kabla ya kuanza kutumika.

Nanyi mna sehemu yenu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa habari zako zinachukuliwa kwa sababu gani na zitapewa nani. Uliza kabla ya kutoa nambari ya kitambulisho. Na usijibu "ndiyo" ili fomu iishe upesi. Swali lisipolingana na maisha yako, mwambie anayeuliza. Huenda jibu hilo ndilo litakalofaa kuliko yote.