Nani Ataonekana Katika Filamu ya Mkonge?



Mwaka 2015 ilitoka filamu ya maisha ya Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple ya Marekani. Ndani yake limo jambo moja lipasalo kutafakariwa na kila mwalimu. Steve Wozniak, mhandisi aliyebuni kompyuta ya Apple II, anamwomba mwenzake tena na tena awataje hadharani wale walioifanyia kazi kompyuta hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyoilisha kampuni. Jobs anakataa. Mtazamaji hutoka akimfahamu vema mwenye maono. Wale walioombewa kutajwa hawafahamu.

Tanga nayo inacho kisa cha namna hiyo. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yalienea Pangani, Muheza na Korogwe, hata mwaka 1964 nchi ikazalisha zaidi ya tani 200,000 za singa. Mtu mmoja, wazo moja, safari ya hatari, kisha ushindi: mtengeneza filamu atake nini zaidi?

Lakini mkonge haukujipanda wenyewe. Jani lilikatwa kwa mkono, likafungwa mafungu, likabebwa hadi kwenye troli, likapelekwa korona kutolewa singa. Kazi hiyo waliifanya manamba, waliotoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Kipande cha mfanyakazi kilikuwa cha siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Wengi hawakurudi makwao. Wajukuu wao ndio wanafunzi wanaoketi leo katika madarasa ya Muheza na Korogwe.

Wapo watakaosema kwamba filamu ya saa mbili haiwezi kubeba maelfu ya watu. Ni kweli. Hata hivyo Wozniak hakuomba filamu; aliomba shukrani tu. Wala hakuna anayebeza maono. Wataalamu wa Mlingano nao walikuwa na maono walipozalisha mkonge chotara namba 11648, ambao umepandwa hadi China. Ila mkono mmoja haulei mwana, na mtu mmoja hakuulea mkonge. Mtoto anayefundishwa kwamba maendeleo huletwa na mtu mmoja mwenye kipaji atakaa kumngoja mtu huyo, naye babu yake aliyekata mkonge atamwona kuwa si kitu.

Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. Ardhi ilirudi kwa wananchi, lakini habari za waliomwaga jasho juu yake bado zimo vifuani mwa wazee, nao wanapungua kila mwaka. Yafaa basi mwalimu wa historia awatume wanafunzi wake kwa wazee hao na daftari mkononi. Yafaa pia mtumishi wa halmashauri akikuta vipande na vitabu vya mishahara vya mashamba ya zamani asivichome, bali avihifadhi. Siku filamu ya mkonge itakapotengenezwa, majina yawepo.